Cheri ya mizani na cheri ya kitabuni

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani wa mizani kwenye kituo cha kuosha kahawa, upande wa Kasese. Kutwa nzima naandika 'cheri, kilo kadhaa', maana ndivyo tulivyoambiwa tuiite kahawa mbivu wanayoleta wakulima. Juzi mwanangu wa P.6 alinionyesha picha kitabuni: vitunda viwili vyekundu vimening'inia kwenye vikonyo virefu, chini yake pameandikwa cheri. Akaniuliza, 'Mama, hii ndiyo unayopima?' Nikakosa jibu. Je, ni tunda moja? Neno lenyewe lilitoka wapi? Kwa nini kahawa yetu ikapewa jina la tunda la watu wengine, wakati sisi tuna majina yetu? Na la mwisho: bosi wangu husema 'macheri', mimi husema 'cheri'. Nani yuko sahihi?"

Jibu: Marahaba, dada. Kijana mwambie si tunda moja, wala si ukoo mmoja. Cheri ya kitabuni ni ya ukoo wa waridi, ndugu zake ni tufaha, pichi na plamu. Kahawa ina ukoo wake mwingine kabisa, ule wenye mkwinini, mti uliotupa dawa ya malaria. Mcheri unataka majira ya baridi ya kweli, miezi ya kuulaza usingizi bila majani, ndipo uchanue. Huko kwenu bondeni, kwenye joto linalokausha chumvi ya Katwe, hauna nafasi.

Lakini usimcheke kijana, kwa sababu waliozipa tunda hizi mbili jina moja walitazama kama alivyotazama yeye. Chukua cheri moja ya kahawa hapo mezani pako, iliyoiva sawasawa, uiminye kwa vidole. Ganda jekundu linapasuka, unakutana na ute mtamu unaoteleza, ule ambao watoto huunyonya wakati wa kuchuma. Ndani ya ute mna punje mbili zimelaliana, bapa kwa bapa, kila moja imevaa koti lake gumu. Cheri ya kitabuni ukiipasua utakuta nyama nyingi, maji mengi, na katikati kokwa moja tu, ngumu kama kijiwe cha mtoni. Kwa mtaalamu wa mimea yote mawili ni matunda ya kokwa, kama embe. Tofauti ni kwamba mwenye cheri alikusudia tuile nyama na kuitema kokwa, na sisi wa kahawa tunaitupa nyama na kuitafuta kokwa.

Mimi cheri hizo nilizila mara moja tu, sokoni Ujerumani, mwezi wa Juni. Nilipewa kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa tayari umelowa wekundu chini. Zile nyekundu zinazowekwa juu ya keki za harusi hapa Kampala usizihesabu sana. Nyingine ni vipande vya papai vilivyopikwa kwa sukari na kutiwa rangi. Nakumbuka muuzaji yule Mjerumani aliziita Kirschen, kwa "k" nzito ya mwanzoni, na nilivyosimama pale natema kokwa nikajiuliza swali lako: hii "k" iligeukaje kuwa "ch"?

Jibu la hapo unalo mdomoni tayari. Chuo kikuu cha Kyambogo kimeandikwa kwa K na y, lakini hakuna anayekitaja kwa K. Wote tunasema Chambogo. Mtu akitoka kwenu kwenda Kampala kwa njia ya Fort Portal anapita Kyenjojo, na kondakta anaita "Chenjojo, Chenjojo". Kiswahili nacho kina mchezo huo: ki- ikikutana na irabu huwa ch-, ndiyo maana tunasema chakula wala si kiakula, chombo wala si kiombo. Ulimi ukiwa unatoka kwenye "k" kwenda kwenye sauti za mbele ya kinywa kama "i" na "e", huvutwa mbele, na "k" inalainika. Walatini walipatwa na hilo hilo. Zamani za Roma herufi yao C ilisomwa "k" popote ilipokuwa. Karne zilivyopita, ilipokaa mbele ya "e" na "i" ikalainika: Waitalia wakasema "ch", Wafaransa wa Paris wakaishia kwenye "s", na Wafaransa wa kaskazini, upande wa Normandy, wakabaki na "ch". Wajerumani walikuwa wamekwisha kulichukua neno mapema, wakati "k" bado ni "k". Kwa hiyo Kirsche ya yule muuzaji ni picha ya zamani ya neno hilo hilo, iliyopigwa kabla ulimi haujasogea.

Nyuma ya Kilatini kuna Kigiriki. Wagiriki waliuita mti huo kerasos. Waturuki hadi leo wanasema kiraz, Waarabu karaz, na wote wameshika ile "k" ya Kigiriki. Hapa huwa nafikiria kidogo: maneno mengi ya matunda ya mbali yalitufikia pwani kwa mkono wa Waarabu, kama zabibu, zaituni na tufaha. Laiti cheri nayo ingepitia mlango huo, leo ungekuwa unaandika "karazi, kilo arobaini". Ila tunda lenyewe halivumilii safari ya jahazi. Huoza mapema kuliko nyanya. Tukaja kulipata jina kwa Waingereza, bila tunda.

Kuhusu kerasos kuna hadithi inayopendwa sana, na ni vizuri uijue kwa sababu utaikuta kila mahali. Inasema Lucullus, jemadari wa Roma, alipompiga mfalme Mithridates wa Ponto, pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, aliurudisha nyumbani mcheri kama sehemu ya ushindi. Aliyeiandika ni Plinio, Mroma wa karne ya 1 aliyekuwa anaandika kila kitu alichosikia. Anasema kabla ya hapo, hesabu yake inaangukia mwaka 74 KK, Italia haikuwa na mcheri hata mmoja, na kwamba baada ya miaka 120 tunda lilikwisha vuka bahari hadi Uingereza. Na huko Ponto kulikuwa na mji ulioitwa Kerasous. Upo hata leo, unaitwa Giresun, uko Uturuki. Basi watu wakaunganisha: mji Kerasous, tunda kerasos, tunda limeitwa kwa jina la mji.

Hadithi nzuri, ila mimi naishika kwa vidole viwili. Mgiriki Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alikwisha kuueleza mti wa kerasos kwenye maandishi yake ya mimea zaidi ya miaka 200 kabla ya Lucullus kushika upanga. Na kokwa za cheri mwitu zimechimbuliwa kwenye makazi ya watu wa kale Ulaya, wa kabla ya Roma yenyewe. Alicholeta Lucullus, kama alileta, ni aina bora ya kupandwa shambani, kama mtu anayerudi kutoka kwa shemeji na miche ya migomba mikubwa na kijiji kizima kikaanza kusema ndizi zilianza naye. Na mji unaweza kuitwa kwa mti kama vile mti unavyoweza kuitwa kwa mji. Sisi wenyewe tuna vijiji vingapi vilivyopewa majina ya miti iliyosimama hapo?

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda mimi, na ambayo inamgusa bosi wako na macheri yake. Neno hili limekosewa hesabu mara mbili, na mara zote mbili kosa ndilo lililoshinda.

Mara ya kwanza ni Kilatini cha mwishoni, cha mitaani. Tunda moja liliitwa ceresium, mengi yakaitwa ceresia. Lakini katika lugha ile maneno mengi ya kike ya umoja pia huishia na -a. Watu wa sokoni wakasikia ceresia, na kwa sababu cheri hakuna anayenunua moja, wakaichukua kuwa ni jina la kitu kimoja. Wingi ukawa umoja. Kutoka hapo Wafaransa wakapata cerise, Wahispania cereza, Waitalia ciliegia, Wareno cereja. Yote ni umoja, na yote yamezaliwa na wingi.

Mara ya pili ni Uingereza. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la ukoo huo huo, ciris, lililofanana na la Wajerumani, lakini Wanormandi walipoiteka nchi mwaka 1066 walikuja na lugha yao, na kwenye lugha yao cheri moja ni cherise. Sikio la Mwingereza, likisikia neno linaishia na "s" au "z", linasikia wingi. Cherise? Basi hizo ni nyingi. Moja itakuwa cheri. Wakaikata ile "s" wakaitupa, na ikabaki cherry mpaka leo. Ile "s" ilikuwa ni sehemu ya mwili wa neno, kama vile "r" yake. Umoja ukageuzwa wingi, kisha wingi wa bandia ukatengenezewa umoja.

Kabla hatujawacheka Waingereza, tazama jina ulilonianzia nalo. Umeniita Mwalimu. Kwa Kiarabu neno ni mu'allim, na ile "mu" ya mwanzo haihusiani na hesabu ya watu. Sikio la Mswahili likasikia m- ya mtu, ya mgeni, ya mkulima, na ndipo tukapata walimu. Waarabu hawajawahi kusema walimu. Kitabu ni vivyo hivyo: neno ni kitab, na "ki" ni sehemu ya shina, lakini sisi tulikwisha kuona kiti na viti, kikapu na vikapu, tukasema vitabu bila kumwomba mtu ruhusa, na Waganda wakafanya ekitabo na ebitabo. Mfano ambao huwafurahisha wanafunzi wangu zaidi ni ule wa mafundi wa magari. Kile kibati cha juu ya gurudumu kinachozuia tope, Waingereza wanakiita mudguard. Mafundi wakasikia madigadi. Ma-? Basi ni mengi. Moja ni digadi. Fundi aliyekata ile "ma" na Mwingereza aliyekata ile "s" ya cherise wangeelewana vizuri sana kwenye gereji moja.

Waingereza walirudia kosa hilo tena kwenye mvinyo. Mji wa Jerez ulioko Hispania zamani ulitamkwa kwa "sh", na mvinyo wake ukafika Uingereza kwa jina la sherris. Wakadhani ni wingi, wakakata, ikawa sherry. Kwa hiyo cherry na sherry hawana undugu wa damu, ila wote wawili walinyolewa na kinyozi mmoja.

Kuna mwingine wa kumwepuka, na kwenu Kasese lazima mnamsikia kila siku, kwa kuwa Kongo iko ng'ambo tu ya Mpondwe. Ni ile chéri au chérie ya kwenye nyimbo za Kilingala, mpenzi wangu. Hiyo haina tunda ndani yake. Imetoka kwenye Kifaransa cher, na nyuma yake Kilatini carus, neno ambalo lilikuwa na maana mbili kwa pamoja: mpendwa, na ghali. Wazazi wanaowaita binti zao Cherry wakidhani wamesema "mpenzi" kwa Kifaransa wamesema jina la tunda. Si jina baya hata hivyo.

Sasa kahawa. Wazungu walipoanza kulima na kuuza kahawa walikuta tunda jekundu, la mviringo, dogo kama la kwao, lenye nyama nje na kitu kigumu ndani. Wakalipa jina la lile walilolijua. Mfaransa akasema cerise, Mhispania cereza, Mjerumani Kaffeekirsche, yaani cheri ya kahawa. Ni desturi ya kila mgeni kukipa kitu kipya jina la kitu cha nyumbani kwake. Entuntunu zetu, zile za njano zilizojifunika karatasi kama taa, Wamarekani wana jamaa zake porini kwao na wanaziita cheri za ardhini, wakati ukoo wake ni wa nyanya na bilinganya.

Kwa kweli sidhani kama jina hili liliyafukuza majina yetu. Lilikuja kufanya kazi ambayo majina yetu hayakuwa yanaifanya. Fikiria unavyolitumia mezani. Mkulima akileta tunda jekundu la leo, ni cheri. Akilianika juani likakauka na ganda lake, ungeliandika cheri? Hapana. Neno hilo kituoni kwako linataja hali: limeiva, halijakauka, limechumwa leo, bado halijamenywa, na lisipoingia kwenye mashine ya kumenya leo hii litaanza kuchacha. Neno linabeba saa ndani yake. Linabeba na hesabu ya fedha: kilo moja ya kahawa safi ya arabika, yaani punje zilizokwisha kukobolewa, inataka cheri kilo tano au sita, kwa hiyo bei ya cheri na bei ya kahawa safi haziwezi kulinganishwa kwa macho, na mkulima asiyejua neno gani limeandikwa kwenye risiti yake anaweza kudhani ameibiwa au, vibaya zaidi, asijue kwamba ameibiwa.

Hiyo iliyokauka na ganda lake ndiyo yenye majina matamu Afrika Mashariki. Uganda, kwenye robusta ya Masaka na Mukono, inaitwa kiboko. Ikishakobolewa inakuwa kase. Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, robusta hiyo hiyo iliyokaushwa inaitwa maganda. Kenya wanaiita mbuni. Niliwahi kukaa kwenye benchi pale Mutukula nikimsikiliza Mtanzania na Muuganda wakipatana bei. Mmoja anasema maganda, mwingine anasema kiboko, na mzee wa tatu, mtu wa Mombasa aliyekuwa anasubiri basi, akaniuliza kwa sauti ya chini hawa wanauziana mnyama au mjeledi. Kwake yeye kiboko ni huyo wa mtoni au ile fimbo iliyokatwa kwenye ngozi yake. Kwenu, kwenye arabika ya Rwenzori, kahawa iliyoanikwa na ganda lake soko linaijua kwa jina la Drugar, ambalo si neno la lugha yoyote. Ni vipande vya maneno ya Kiingereza vyenye maana ya arabika kavu ya Uganda, kama vile Wugar ni ile iliyooshwa. Maneno yalifupishwa, vifupisho vikaota mizizi.

Majina ya asili hayajafa hata kidogo. Kiswahili kina buni, ile punje yenyewe, kutoka kwenye bunn ya Kiarabu, na kahawa, kutoka qahwa, ambayo kabla ya kuwa kinywaji cha msikitini ilikuwa jina mojawapo la mvinyo. Waganda wana emmwanyi, na jirani zao wa Bukoba wana neno linalofanana nalo. Kwa Waganda emmwanyi haikuwa ya kunywa kwanza, ilikuwa ya kutafuna na ya kufanyia agano. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, kile kinachoitwa omukago, walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, wakazipaka damu zao, kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake. Ukiangalia tena ile cheri uliyoiminya mezani, zile punje mbili zilizolaliana, utaona kwa nini walichagua tunda hilo na si jingine. Cheri ya Ulaya yenye kokwa moja isingefaa kwa omukago.

Nikiwa bado mezani kwako: lile koti gumu linalobaki kwenye punje baada ya kumenya na kuosha, wenzako bila shaka wanaliita pachimenti. Neno hilo maana yake ni ngozi ya kuandikia, kwa sababu ganda lile likikauka lina rangi na ukakasi wa ngozi hiyo. Na ngozi hiyo iliitwa kwa jina la mji wa Pergamo, leo Bergama, ambao nao uko Uturuki. Sasa jiulize: kituo kimoja chini ya Rwenzori, gunia moja lina cheri na jingine lina pachimenti, na maneno yote mawili yana mji wa jina lake huko Uturuki, moja kwenye pwani ya Bahari Nyeusi na jingine karibu na bahari ya magharibi. Kahawa yenyewe haikupita huko ilipokuja Kasese.

Nilisema mcheri hauna nafasi kwenu, na ni kweli kwa ule wa kitabuni, lakini una binamu hapa hapa, tena mkubwa. Kwenye misitu ya milimani, Kibale, Elgon na kwingine, upo mti ambao Waganda wanauita entaseesa. Wanasayansi wanauita Prunus africana, na Prunus ndilo jina la ukoo mdogo wenye cheri, pichi na plamu. Ukiukwangua gome au ukaponda majani yake unasikia harufu ya lozi chungu, ile ile iliyomo ndani ya kokwa ya cheri ukiivunja. Gome lake ni dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, na limekwanguliwa mno kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Zamani mti huo uliitwa Pygeum, na hapa mpeleke kijana akachote maji kwanza: neno hilo ni la Kigiriki na lina maana ya makalio. Aliyelitunga aliangalia tunda, likiwa limegawanyika sehemu mbili zenye mfereji katikati, akaona alichoona. Mwaka 1965 likahamishiwa Prunus, na heshima ikarudi.

Jina la mcheri wenyewe wa kitabuni, ule mtamu, ni Prunus avium, yaani wa ndege; ndege ndio wanaouvuna kabla ya mwenye shamba. Ule mchungu ni Prunus cerasus, na hapo unaiona tena kerasos ya Wagiriki imevaa kanzu ya Kilatini. Na ikiwa umeona kwenye chupa dukani neno maraschino, hilo limetoka kwa Waitalia, kwenye marasca, cheri chungu ya pwani ya Dalmatia, na marasca yenyewe ni amarasca iliyokatwa kichwa, kutoka amaro, chungu. Halafu siku hizi wanazitia sukari mpaka meno yanauma.

Limebaki la bosi wako. Majina ya matunda kwetu hayafuati mlango mmoja. Chungwa huwa machungwa, nanasi huwa mananasi, tufaha huwa matufaha. Lakini zabibu moja, zabibu nyingi, tende moja, tende nyingi, ndimu, ndimu, zaituni, zaituni. Ukiyapanga mezani utaona tunda kubwa, la kushika kwa mkono mzima na kuhesabu moja moja, hupenda ma-. Dogo, la kuteka kwa konzi, hubaki kama lilivyo. Si sheria isiyo na mwasi, ila inasaidia. Cheri ni ya konzi. Kwa hiyo mimi niko upande wako: cheri hii imeiva, cheri hizi zimeiva, cheri za leo ni nyingi. Bosi akisema macheri yameiva hajavunja sarufi, amelipeleka kwenye darasa la machungwa, na akisisitiza sana mwachie, kwa sababu umeona neno hili limezoea kuhesabiwa kila mtu kwa namna yake. Kwenye risiti andika "cheri, kilo 48" na hakuna mkaguzi atakayekuuliza.

Na kijana akitaka jina la mti wa kwenye picha yake, ni mcheri, wingi micheri, kama mchungwa na mwembe. Mti wa nyuma ya nyumba yenu ni mbuni, wingi mibuni. Akikutana na mbuni wengi wanaokimbia, mwambie hao ni ndege, na hawachumwi.